Kidonge Kilichotoka Kizima

3 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na magoti hayakukusumbua safarini.

Ulipokuwa hapa nilikuwa mtu wa "asante Mama" kisha nageukia ukutani. Mwanamume mzima kufuliwa shuka na mama wa mkewe ni jambo zito, maneno yaligoma kutoka. Umeondoka, sasa yanakuja.

Ile siku ya Januari ubao uliporushwa na msumeno wa umeme ukanipiga tumboni, nilidhani nimepigwa tu. Niliwaambia wenzangu wa karakana waendelee na kazi. Kumbe ndani utumbo umechanika na mishipa ya damu imekatika. Daktari wa upasuaji alisema ilibidi aondoe kipande chote kilichokosa damu, zaidi ya nusu ya utumbo mwembamba. Nilipiga hesabu ya kifundi: ukikinyoosha ni kama urefu wa milango miwili. Milango miwili, Mama, na bado nipo naandika.

Wiki tano ulinilisha kijiko kwa kijiko. Chiriku wetu alipouliza, "Bibi, baba ameshonwa kwa uzi wa rangi gani?" ulimjibu bila kucheka, "Mweusi." Nami nilicheka mpaka mshono ukauma. Hilo nalo nakushukuru.

Hali yangu ni nzuri kabisa. Usiwe na wasiwasi wowote.

Mkweo,
Randa
(Nilikusikia ukiniita hivyo jikoni, kama chombo changu cha kulainishia mbao. Wenzangu wa karakana watafurahi.)


14 Machi

Mkwe wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu. Unajua simu na mimi hatuelewani. Mtu akisema "nimepona" mimi nasikia "nimekoma". Masikio yameniaga, macho bado. Kwa hiyo endelea kuandika.

Usinishukuru sana, nitavimba kichwa. Ila neno moja limenikaa vibaya: "nzuri kabisa." Mtu aliyeondolewa milango miwili tumboni hawezi kuwa mzuri kabisa baada ya wiki saba. Unakula? Uzito umerudi? Na vidonge vyako vya kifafa, umevirudia kama zamani? Miaka tisa hujaanguka, mwanangu. Usicheze nayo.

Mama


2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Barua hii Baba Chiriku haijui, tafadhali usimtajie.

Kifafa kimerudi. Mara ya kwanza alianguka bafuni, mwezi uliopita. Akaniomba nisikuandikie, nami nikanyamaza. Wiki jana ameanguka tena, mezani, mbele ya mtoto. Tulikwenda kliniki ya kifafa. Daktari alimtazama kwa muda, akaniuliza mimi badala yake: "Anameza dawa kweli?" Nikasema anameza. Akasema wengi husema hivyo. Akaongeza kipimo, sasa ni vidonge viwili asubuhi na viwili jioni, na tangu hapo kichefuchefu hakimwachi.

Mama, nisamehe kwa ninayofikiria. Nimeanza kuvihesabu. Hesabu iko sawa, lakini kila akimaliza kula anakimbilia chooni, anajifungia, anakaa humo muda mrefu, na akitoka hanitazami usoni. Nikimuuliza anasema, "Niache, mke wangu." Juzi nilipekua pipa la taka. Mimi, mwalimu wa watu, nimeinama kwenye taka natafuta vidonge vya mume wangu! Sikuona kitu. Labda anavimwaga chooni. Labda vinamtia kichefuchefu na anaona aibu kusema.

Wewe ulitoa dawa kwenye lile dirisha la hospitali miaka thelathini na moja. Na yeye anakuheshimu kuliko mtu yeyote. Ongea naye, Mama.

Binti yako


9 Aprili

Mkwe wangu,

Nitasema waziwazi, maana umri wa kuzungukazunguka umenipita.

Dawa ya kifafa haina mzaha. Ukiruka leo na kesho, kichwa kinajua. Kama vidonge vinakusumbua tumbo, vimeze pamoja na chakula, mwambie daktari, piga kelele. Lakini kuvitupa na kuwaacha mkeo na mtoto wakiishi roho juu, hapana. Sitaki kuamini kwamba mtu niliyemfulia shuka anaweza kufanya hivyo.

Meza dawa zako.

Mama


17 Aprili

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeipata.

Dawa nameza.

Mtoto hajambo. Mwanao hajambo.

Mkweo


26 Aprili

Mama,

Ameanguka karakana. Hakuwa kwenye mashine, ashukuriwe Mungu. Tangu arudi kazini walimpa kazi ya kupiga msasa tu. Alianguka juu ya rundo la mbao, unyusi umepasuka, kashonwa nyuzi nne. Bosi wake ni mtu mwema, lakini amemwambia akae nyumbani mpaka mambo yaeleweke.

Sasa nisikilize. Baada ya barua yako nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyekuandikia. Hakufoka. Alikwenda akaleta kopo la dawa, akaliweka mbele yangu, akasema, "Nipe kwa mkono wako." Kuanzia siku hiyo nimempa mwenyewe, asubuhi na jioni. Anameza, halafu anafungua mdomo, anainua ulimi, ananionyesha kama mtoto. Sikumwomba afanye hivyo. Siku nane mfululizo, Mama, na baada ya kila kidonge tulikaa pamoja sebuleni nusu saa nzima nikimwangalia. Siku ya tisa ndiyo akaanguka.

Nimemwona akimeza. Kwa macho yangu.

Tumemwonea.

Binti yako


4 Mei

Mwanangu,

Barua hii naiandika kwa shida kuliko nilivyoandika ile ya Aprili, na ile niliiandika haraka mno.

Nilikukosea. Ulisema "dawa nameza" na ilikuwa kweli. Mimi niliyekaa na dawa maisha yangu yote nilipaswa kuuliza kabla ya kukemea. Naomba unisamehe. Usijibu kwamba hakuna neno, maana neno lipo.

Sasa nataka kuuliza. Kidonge kinaingia mdomoni, kifafa kinaendelea. Basi kati ya mdomo na kichwa kuna mahali dawa inapotelea. Na katikati hapo ndipo ulipopasuliwa. Ninahitaji kujua yanayotokea tumboni mwako, yote. Chakula kinakaa muda gani? Unaenda haja mara ngapi kwa siku? Iko vipi? Kuna gesi, kuna kukatwa na tumbo?

Najua mimi ni mama mkwe. Kuna mambo mkwe hamwambii mama mkwe. Basi kwa barua moja tu nivue ukwe. Hesabu kwamba unamwandikia fundi mwenzako kuhusu mashine iliyoharibika. Pale dirishani nimeletewa mambo kwenye vikopo, kwenye magazeti, mara moja kwenye soksi. Hutanishtua.

Mfamasia mstaafu


12 Mei

Fundi mwenzangu,

Nimeandika barua hii mara nne na kuichana mara tatu. Mwanao yuko shuleni, kwa hiyo naweza kuona haya peke yangu.

Mashine iko hivi. Chakula hakikai. Nikila, haijapita saa moja nakimbia. Mara nane kwa siku, siku mbaya hata kumi na moja. Ni majimaji, na chakula nakitambua, mchele ni mchele, harage ni harage. Tumbo linanguruma mpaka Chiriku anauliza nimemeza nini chenye injini. Nimepungua kilo kumi na mbili. Nguo nimezikaza kwa mshipi, na mwanao nimemwambia ni mtindo.

Sikusema kwa sababu mlikuwa mmenifanyia mengi. Wiki tano umenitazama nikiwa sijiwezi. Ulipoondoka nilitaka kuwa mtu mzima tena. Niliona kuhara ni jambo dogo, litakwisha, kwa nini niwachoshe? Hata nilianza kula kidogo ili nisikimbie kazini.

Na kuna jingine. Mwezi wa tatu mwishoni niliona kitu chooni. Kidonge. Kile cheupe, kirefu, kikiwa na maandishi yake. Nilifikiri macho yananidanganya. Siku iliyofuata kingine. Nikajikaza, nikakibonyeza kwa kijiti. Nje kimelainika kidogo, ndani bado unga mkavu.

Ungemwambia nani, Mama? Mkeo anadhani unatupa dawa, daktari anadhani unatupa dawa, halafu wewe uje useme, "Vidonge nimeviona chooni"? Nilijua watasikia nini. Nikanyamaza, nikajifungia, nikawa nachungulia kila siku kama mwendawazimu. Daktari wa kifafa sikumwambia lolote kuhusu utumbo. Yeye ni wa kichwa. Tumbo lina daktari wake.

Msamaha wako nimeupokea. Nimeusoma mpaka karatasi imelegea kwenye mkunjo. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniomba radhi kwa maandishi.

Randa


18 Mei

Mwanangu,

Nimeisoma nimesimama, nimeisoma nimekaa. Asante. Ulichoandika kimenigharimu kikombe cha chai kilichomwagika, lakini sasa naona.

Sikiliza. Vidonge vyako vimetengenezwa kuyeyuka taratibu. Vinasafiri kwenye utumbo na kuachia dawa kidogo kidogo kwa saa nyingi, ili umeze mara mbili tu kwa siku. Hilo linafaa kwa mtu mwenye utumbo mzima, njia ndefu, mwendo wa pole. Wewe njia yako imekatwa nusu, na iliyobaki inakimbia. Kidonge kinafika mwisho kabla hakijamaliza kazi. Hicho kidogo kinachoingia kwenye damu hakitoshi kukilinda kichwa. Na daktari alipoongeza vidonge, huenda alikuongezea kichefuchefu na kuhara zaidi kuliko alivyokuongezea dawa.

Lakini usinifanye mganga wa ajabu. Kuna vidonge vya aina hii ambavyo ganda lake hutoka hata kwa mtu asiye na shida yoyote, dawa ikiwa imekwisha kuingia mwilini. Kwa hiyo kukiona tu si ushahidi. Ule unga mkavu unanitia shaka zaidi, na kifafa kinanitia shaka zaidi ya unga. Cha kumaliza ubishi ni kipimo cha damu: wapime dawa iliyomo, wajue ni kiasi gani.

Kwa hiyo usiache dawa, usiongeze, usikisage kidonge, kile hakisagwi. Nenda kliniki mapema, usingoje tarehe. Nimeambatanisha barua kwa daktari, nimeiandika kwa lugha yao. Mwonyeshe na kovu. Kichwa na tumbo lako vinakaa kwenye nyumba moja, na daktari ni mgeni asiyejua vyumba mpaka umfungulie.

Na mwambie mkeo. Leo.

Mama


9 Juni

Mama,

Shikamoo. Nilimwambia siku ileile. Nilimpa ile barua yangu ya tarehe kumi na mbili aisome kwanza, nilikuwa nimeandika nakala. Aliisoma jikoni amesimama. Alipofika kwenye mshipi alikaa chini. Kisha alikuja akanifungua ule mshipi, akahesabu matundu mapya niliyotoboa. Matano. Kisha akalia, nami nikalia, na Chiriku akaingia akauliza nani amekufa.

Kliniki tulikwenda wote wawili. Daktari alisoma barua yako mara mbili.

"Ulipasuliwa lini?"

"Januari, daktari."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ni wa kichwa."

Akaweka kalamu chini. Nilidhani atanigombeza. "Na mimi sikukuuliza," akasema. "Panda kitandani, vua shati."

Aliliangalia kovu kutoka juu mpaka chini. Halafu akamgeukia mwanao. "Mama, siku ile nilikuuliza wewe kana kwamba yeye hayupo. Lilikuwa kosa." Mwanao akajibu, "Nilikosa pamoja na wewe, daktari."

Damu ilichukuliwa kabla sijameza dozi ya asubuhi. Majibu yamekuja Ijumaa. Dawa iliyomo ni chini ya robo ya inayotakiwa, na mimi nameza mara mbili ya zamani! Daktari aliandika ile namba kwenye karatasi kubwa, akaipigia mstari, akasema, "Hii ndiyo inayosema unameza na haifiki."

Nimeikunja karatasi ile nimeiweka mfukoni mwa shati. Najua ni namba ya ugonjwa. Lakini Mama, ni namba inayosema sikudanganya.

Ameniandikia dawa ileile, ila ya maji, mara tatu kwa siku. Na amenipeleka kwa daktari wa tumbo, ili sasa wasome faili moja.

Mkweo mwenye shukrani


21 Juni

Mama,

Kwa kifupi, maana nimechoka. Tarehe kumi na nne nilianguka, kidogo. Tangu hapo kichwa kimetulia. Lakini tumbo limekasirika. Nilikuwa nimeshuka mpaka mara saba, sasa ni kumi na tatu. Dawa ni tamu kama peremende, Chiriku anaionea wivu. Mwanao anasema nikuulize kabla sijafanya ujinga wa kuiacha.

Sijaiacha.

Randa


27 Juni

Mwanangu,

Vizuri kwamba hujaiacha. Chukua chupa, tazama yale maandishi madogo mgongoni ambayo hakuna anayeyasoma isipokuwa wafamasia na watu waliokwama chooni. Humo kuna orodha ya vitu vilivyochanganywa na dawa. Tafuta neno sorbitoli. Ni kitu cha kutia utamu, na tumbo fupi huwa halipatani nacho; kinavuta maji, kinaendesha. Ukilikuta, usibishane na daktari, nenda na chupa kwa mfamasia wa hospitali, mwonyeshe neno lenyewe, sema idadi bila kupunguza. Kumi na tatu ni kumi na tatu.

Mama


6 Julai

Mama,

Lilikuwa la pili kwenye orodha.

Mfamasia wa hospitali ni binti mdogo mwenye miwani mikubwa. Nilimwambia idadi kwa sauti, foleni nzima ikasikia, na sikufa. Akampigia daktari hapohapo. Wamenipa vidonge vya kawaida, vile vinavyosambaratika upesi, mara tatu kwa siku. Daktari wa tumbo naye ameniongezea dawa ya kupunguza mwendo wa utumbo, na sindano ya vitamini. Damu watapima tena baada ya wiki mbili.

Yule binti aliuliza nani aliniambia nisome chupa. Nikasema, "Mama mkwe." Akasema, "Una bahati." Nikasema, "Najua."

Randa


10 Agosti

Mwanangu,

Mkeo ameniandikia kwamba dawa kwenye damu imefika inapotakiwa, na kwamba umeongezeka kilo tatu. Nilikwenda kumwambia jirani, jirani akadhani nimepata mjukuu wa pili. Nikamwambia ni bora zaidi, huyu tayari anajua kuranda mbao.

Nataka kukuambia jambo nililolibeba tangu Mei. Miaka mingi iliyopita alikuja mwanamke mmoja dirishani na kopo tupu. Alikuwa muuza maua, vidole vyake vya kijani. Presha yake ilikuwa haishuki. Akaniapia kwamba anameza. Aliniambia na tumbo linamsumbua tangu alipougua miaka ya nyuma. Nilikuwa na foleni. Nikamwambia, "Ukimeza, itashuka." Akachukua dawa, akaondoka kimya, kimya kilekile ulichoniandikia wewe mwezi wa nne. Sikumwona tena. Sijui kama nilimkosea. Sijui hata kama lilikuwa tumbo. Najua tu kwamba sikumsikiliza, na kwamba wakati ule masikio yangu yalikuwa mazima.

Unanishukuru kila barua. Nami nakushukuru wewe, kwa sababu ulikubali kuandika yale uliyoona aibu kuyaandika. Ulinipa nafasi ya kusikiliza safari hii. Si kila mtu hupewa.

Mama


30 Septemba

Mama,

Shikamoo. Leo zimetimia siku mia moja na nane sijaanguka.

Utumbo haukurudi, wala hautarudi. Chooni ni mara tatu au nne, nakula kidogo kidogo mara sita kwa siku kama kuku, na kwa kila dawa mpya lazima nitaje kovu kabla ya jina langu. Daktari amesema msumeno nisiuguse mpaka mwaka uishe. Bosi amenirudisha kwenye benchi, natengeneza viti kwa mkono. Wiki hii nimemaliza kiti cha kwanza. Hakiyumbi. Nilikikalia mwenyewe dakika nzima nikijifanya napima, kumbe nilikuwa natabasamu.

Ulinikataza kushukuru sana, lakini leo niache. Nakushukuru kwa shuka. Nakushukuru kwa kunikemea, maana ungekuwa hunijali usingenikemea, na nakushukuru kwa kurudi nyuma ulipoona umekosea. Kwa yule muuza maua sina la kukuambia, ila kwamba nimemfikiria, na kwamba juzi kliniki nilimkuta mzee mmoja akisemwa na mwanawe, "Baba, humezi." Nilimsogelea yule mwana nikamwambia, "Muulize tumbo lake kwanza." Tukaongea mpaka wakaitwa.

Mwanao hajui nakuandikia. Ni Jumamosi mchana. Alikaa kwenye kochi kusahihisha madaftari ya wanafunzi, amefika la tatu, amelala. Kalamu nyekundu imemchora shavu. Tangu Machi hakuwahi kulala fofofo mimi nikiwa macho ndani ya nyumba. Hata aliposinzia mchana, alikuwa amenishika mkono wa shati, nisije nikaanguka. Leo ameuachia. Mdomo wazi, anakoroma kidogo, Chiriku amekaa chini miguuni pake na kidole mdomoni, ananiashiria ninyamaze.

Nimenyamaza. Nimesogeza kiti nimekaa kati yake na dirisha, jua lisimpige usoni. Nitakaa hapa mpaka aamke mwenyewe.

Mkweo,
Randa